Nimechaguliwa kuandika daftari la safari ya kanisa kwenda Uingereza. Nianzie wapi?

Mshonaji wa Busia

Bwana asifiwe wapendwa. Natumaini hapa kuna watu waliowahi kusafiri na kanisa nje ya nchi, mnisaidie kabla siku hazijaisha.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Busia upande wa Uganda, na Jumapili naimba alto kwenye kwaya ya ibada ya Kiswahili. Mwezi wa sita watu tisa wa parishi yetu tunakwenda Uingereza wiki mbili, kwa parishi rafiki huko Sussex, kusini karibu na bahari. Wao wameshakuja kwetu mara mbili, wamekula matoke yetu na kulala chini ya neti zetu. Sasa ni zamu yetu. Viza zilitoka Jumanne, zote tisa. Nilipopigiwa simu nililia mbele ya mteja aliyekuja kujaribu gomesi yake, naye akalia pamoja nami kabla hata sijamwambia sababu.

Juzi kwenye kikao kasisi akasema lazima mmoja wetu awe mwandishi wa safari. Aandike kila siku, na tukirudi asome mbele ya kanisa, hata kama itachukua Jumapili mbili. Nilidhani watamchagua mwalimu wa shule ya Jumapili maana amefika chuo. Wakanichagua mimi niliyeishia Senior Four. Mwenyekiti alisema, "Huyu akikusimulia harusi aliyoishonea nguo, unaiona." Nikakubali. Tangu siku hiyo usingizi unanipita.

Sijawahi kuandika daftari la namna hiyo likafika mwisho. Mwaka 2016 mume wangu alipolazwa nilianza kuandika. Siku tatu nikaandika, siku ya nne ukifungua unakuta vipimo vya mteja: kifua 42, kiuno 36, urefu wa mkono 23. Ndivyo lilivyoishia, na sasa mume wangu hayupo na siku zile za hospitali siwezi kuzipata tena. Sitaki safari hii nayo ipotee hivyo.

Halafu kuna suala la lugha. Nyumbani tunasema Kisamia, sokoni Kiswahili, karatasi za kanisa ni Kiingereza. Niandike kwa lugha ipi?

Na kubwa kuliko yote ni hili. Nauli hii hatukuitoa mifukoni mwetu. Tumechangisha mwaka mmoja na nusu, mnada baada ya ibada kila mwezi, mayai, mikungu ya ndizi, mbuzi mara mbili. Kuna bibi mmoja anakaa ndani huko kijijini, macho yake yameingia ukungu, alileta kuku jike aliyekuwa akimtagia. Yule kuku alinunuliwa akarudishwa mezani, akanunuliwa tena akarudishwa, mara tatu, mpaka akaingiza shilingi 85,000. Bibi alipokuwa anaondoka alinishika mkono akaniambia, "Ukanitazamie, mwanangu."

Basi swali langu ni hilo. Ninaandikaje ili bibi yule akisomewa aone?

Mwalimu Mstaafu, Tororo

Mama Mshonaji, hongera, na pole kwa mumeo. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu kazi uliyopewa niliwahi kupewa mimi, na sikuifanya ipasavyo.

Ilikuwa 2009, tulikuwa watu saba, na tulikwenda Sussex hiyo hiyo. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu. Daftari lenyewe liko hapa mezani, la kurasa 96, nimetumia kurasa kumi na moja tu. Nakunakilia siku moja kama ilivyo: "Jumapili. Ibada saa nne. Tulikaribishwa vizuri. Chakula cha mchana kwa mwenyeji. Jioni matembezi, tuliona kumbukumbu ya vita. Tulikaribishwa vizuri." Usiku huu nimehesabu. Katika siku kumi na mbili nimeandika "tulikaribishwa vizuri" mara kumi na nne.

Tuliporudi nikasoma kanisani. Nilimaliza kwa dakika kumi. Mzee mmoja mfugaji akasimama akauliza, "Mwalimu, ng'ombe wao wanachungwa na nani?" Kila asubuhi kwa siku kumi na mbili nilikuwa nikiwaona ng'ombe wale kupitia dirisha la chumba nilicholala. Sikuwa na jibu. Sikuwahi kuuliza, na nilichokiona sikukiandika. Mwingine akauliza maji ya kunywa wanayatoa wapi, mama mmoja akauliza kama tulimsikia mtoto akilia kanisani. Watu wale walikuwa wamechanga miezi mingi, na mimi niliwaletea ratiba.

Sasa hiyo "kumbukumbu ya vita" niliyoipa maneno matatu. Kule karibu kila kijiji kina msalaba wa jiwe au ubao ukutani mwa kanisa wenye majina ya vijana waliokufa vita ya 1914 hadi 1918. Kijiji chenyewe kidogo, majina yanaweza kufika thelathini, arobaini, na jina la ukoo mmoja likajirudia mara tatu. Mzee anayetunza ufunguo wa kanisa alisimama nami pale, akaniwekea kidole kwenye jina moja moja: hawa walikuwa ndugu, huyu ukoo wake bado wanakaa nyumba ile yenye mlango wa kijani, huyu mama yake alikuja kuweka maua hadi alipokufa. Alikaa nami zaidi ya nusu saa. Mimi nilikuwa namfikiria babu yangu, ambaye vita ile ile alibeba mizigo ya Waingereza kichwani kuelekea Tanganyika, akarudi. Kaka yake hakurudi. Jina la yule kaka haliko kwenye jiwe lolote ninalolijua. Nilitaka kumwambia mzee wa ufunguo habari hiyo na nikaona haya. Usiku nikaandika maneno matatu nikalala. Leo jina hata moja kati ya yale aliyonionyesha silikumbuki, na mzee yule najua ameshafariki.

Kwa hiyo usikubali kulala kabla hujaandika. Hilo ndilo la kwanza. Kesho utaamka na mambo mapya, na ya jana yatakuwa yamekwisha kuwa "vizuri".

Kama unataka mfano, tunao hapa hapa kwetu. Mwaka 1902 Katikkiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, Apolo Kagwa, alikwenda London kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, na Ham Mukasa alikwenda naye kama mwandishi wake. Mfalme alikuwa mgonjwa, siku mbili kabla ya sherehe ikabidi apasuliwe, kutawazwa kukasogezwa kutoka Juni hadi tarehe 9 Agosti. Wageni wengine wangesema safari imeharibika. Ham Mukasa aliendelea kuandika, kwa Kiganda, meli, treni, majumba, watu wanavyokula, na vitu vya kule akavilinganisha na vya Buganda ili mtu wa Buganda avione. Hapo nadhani nimekujibu na suala la lugha. Andika kwa lugha utakayomsomea bibi. Mwenyeji akisema neno lake kwa Kiingereza, liandike kama alivyolisema.

Mfano wa pili ni wa mtu wa Sussex aliyekuja kwetu. Askofu James Hannington alizaliwa 1847 kijiji kinaitwa Hurstpierpoint. Kama hakiko mbali na mtakapofikia, waombeni wenyeji wawapeleke. Mwaka 1885 alitembea kwa miguu kutoka pwani, akapita Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, si mbali na kwenu, akaingia Busoga. Huko akakamatwa, akafungiwa siku nane, tarehe 29 Oktoba akauawa. Katika zile siku nane, mgonjwa, ana homa, chawa na panya wanamtembelea, hakuacha kijitabu chake. Siku ya mwisho kabisa aliandika kwamba Zaburi ya 30 imemtia nguvu, na kwamba usiku fisi alilia karibu yake kwa kunusa mgonjwa. Mimi nimesoma na kusikia mahubiri mengi juu ya askofu yule, lakini kilichonifanya nimwone ni yule fisi. Kijitabu kilinusurika. Aliingia Busoga na wapagazi wapatao hamsini, na karibu wote waliuawa pamoja naye. Walikuwa watu wa msafara kutoka pwani, wasemaji wa Kiswahili hiki hiki, na hawakuwa na kijitabu.

La mwisho. Wewe ni mshonaji, na hiyo ni macho ambayo mimi sikuwa nayo. Kwenye makanisa yao utakuta mito midogo ya kupigia magoti, imening'inizwa nyuma ya viti au imewekwa sakafuni. Mingi imedariziwa kwa mkono na wanawake wa kanisa, uzi wa sufu, kila mmoja na picha yake: ndege, jina la marehemu, tarehe. Mimi niliipigia magoti siku kumi na mbili na nisingeweza kukuambia mshono wake ni wa namna gani. Wewe utageuza mto utazame upande wa chini. Andika hicho.

Nesi wa Mbale

Dada Mshonaji, Mwalimu amesema vizuri, naongeza upande wake wa pili, maana daftari la safari linaweza pia kuumiza mtu.

Nilisafiri na akina mama wa Mothers' Union. Tulikwenda London, tukaenda Winchester ambako amezikwa Mary Sumner, yule mke wa kasisi aliyeanzisha Mothers' Union mwaka 1876 huko Old Alresford. Mwandishi wetu alikuwa hodari, akiandika kila kitu. Na kwa kuandika kila kitu aliandika kwamba mwenyeji wake usiku alimwambia kijana wake wa kiume hajakanyaga kanisani miaka tisa na hawasemezani. Tuliporudi likasomwa. Mtu akapiga picha ukurasa, akautuma kwenye kundi la WhatsApp, na kwenye kundi lile walikuwemo wenyeji wetu wawili, na siku hizi simu inatafsiri yenyewe. Yule mama wa kule hakulalamika. Aliacha tu kuandika barua. Ni jambo linaloniuma mpaka leo kwa sababu alikuwa amenipikia uji kila asubuhi kwa kudhani Waganda wote wanakunywa uji, na nilikuwa nimeanza kumpenda.

Kwa hiyo beba madaftari mawili. Moja la kusomwa kanisani, moja lako. La kwako andika ulivyolia, uliyemkasirikia kwenye kundi, nani alikoroma, mwenyeji alikuambia nini kwa siri. Hilo usimpe mtu. Ukiwa na la pili, la kwanza halitakuwa la uongo, maana hutalazimika kujaza "vizuri" kufunika yale usiyoweza kusema.

Picha pia. Watoto wa kanisani kwao usiwapige picha kabla hujamwuliza mzazi au mhusika wa kanisa. Wako wakali sana juu ya hilo na wana sababu.

Na saa! Andika saa ya wapi. Mimi nina ukurasa unasema "saa tatu tulikaa bustanini jua likiwaka", na nilipousoma nyumbani watu wote walidhani ni saa tatu asubuhi. Ilikuwa saa tatu ya usiku. Mwezi wa sita kule jua linachwa baada ya saa tatu usiku, unakwenda kitandani ndege bado wanaimba. Wao wakisema saa tisa ni saa tatu yetu, na kiangazi wako nyuma yetu kwa masaa mawili. Chagua hesabu moja, andika kwenye jalada, usiibadilishe.

Ila Mwalimu, nakupinga kidogo. Kumwambia asilale mpaka aandike yote ni kumbebesha mzigo. Kwa wenyeji unazungumza Kiingereza kutwa nzima, unatabasamu kutwa nzima, jioni kichwa kinauma kweli. Dada, ukichoka andika mistari mitatu. Mistari mitatu yenye kitu ndani yake inatosha.

Mwalimu Mstaafu, Tororo

Nesi, nakubali. Mistari mitatu, lakini usiku ule ule. Na hilo la madaftari mawili ningelijua 2009.

Kijana wa Kambi, Kampala

Anti, shikamoo. Mimi ni Mkatoliki, nimekulia kambi ya jeshi Jinja ndiyo maana Kiswahili changu ni hiki. Nilikwenda Lisbon Agosti 2023 kwa Siku ya Vijana Duniani, ule mkutano wa vijana Wakatoliki, ile ya Papa Francis.

Niliandika kwenye simu tu. Tarehe 5 tulilala nje, uwanja mkubwa kando ya mto Tejo, watu mpaka jicho linaishia, joto la mchana lilikuwa kali hata vivuli vya miti tuligombea. Betri ikaisha siku ile ile. Pale hakuna wa kukuchajia, kila mtu ana shida hiyo hiyo. Misa ya asubuhi yake, pamoja na kutangazwa kwamba mkutano unaofuata utakuwa Seoul 2027, mimi nimeandika nyuma ya karatasi ya nyimbo kwa kalamu ya jicho ya binti mmoja wa Angola. Hiyo karatasi ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho, kwa sababu simu yenyewe iliibiwa siku tunarudi, kwenye kituo cha basi. Bado nasikitika. Picha zinaweza kupatikana kwa wenzako, lakini maneno niliyokuwa nimeyaandika usiku nikiwa peke yangu hakuna mwenye nakala.

Kwa hiyo karatasi, Anti, na penseli mbili. Kalamu ya wino ilinivujia ndani ya ndege.

Simu itumie kwa sauti. Rekodi kengele za kanisa lao asubuhi, rekodi wanavyoimba. Bibi haoni vizuri, si umesema? Basi sauti itamfikia kabla ya maneno.

Mwalimu Mstaafu, Tororo

Kijana amenikumbusha kengele. Mama, omba upandishwe mnarani siku wanapopiga. Huwa ni watu sita au wanane wamesimama duara, kila mmoja ameshika kamba ya kengele yake, na hawapigi wimbo: wanafuata hesabu, kengele zinabadilishana nafasi kila mzunguko, na mmoja wao anaita mabadiliko. Kamba ina sehemu nene ya sufu yenye rangi ya kushikia. Nilisimama chini nikasikiliza, nikadhani ni mashine.

Mshonaji wa Busia

Mwalimu, Nesi, Kijana, Mungu awabariki. Nimesoma majibu yenu yote mara mbili, la Mwalimu nimemsomea na mwanangu wa kike. Mwalimu, kuhusu kaka wa babu yako: tukifika kwenye jiwe la majina nitamwambia mwenyeji habari zake. Sitaona haya. Ukinitumia jina lake kwa ujumbe wa ndani nitalisema pale kwa sauti, halafu nitaandika walinijibu nini.

Nesi, nimenunua mawili. La kanisani ni la jalada gumu, kaunta buku. Langu ni dogo, linaingia mfuko wa ndani wa sketi niliyoishona kwa ajili hiyo. Kwenye jalada la kubwa nimeandika: SAA NI ZA KISWAHILI, ZA HUKO HUKO TULIKO.

Nikajiambia nisisubiri ndege. Jana nimeandika ukurasa wa kwanza, nauweka hapa mniambie kama uko sawa. Majina nimeyatoa.

"Jumamosi, Busia. Saa nne asubuhi nimepanda boda mpaka kwa bibi wa kuku. Nimelipa elfu nne, njia ina matope, dereva amenishusha kwenye mwembe, nikatembea. Bibi alikuwa amekaa mkekani anachambua mtama, anautambua mchanga kwa vidole. Nimemwambia nimekuja na daftari, nataka kuandika jina lake lote. Akauliza la nini. Nikasema kwa sababu yeye ni mmoja wa wanaokwenda. Akanyamaza, halafu akanitajia majina matatu, la ubatizo, la kwao, na la mama yake, akanisikiliza nikiyaandika. Akaomba aguse ukurasa.

Nimemwuliza anataka nimtazamie nini huko. La kwanza, udongo wao ni wa rangi gani, na kama unashika miguuni mvua ikinyesha. La pili, wazee wa huko, mtu wa umri wake, usiku analala na nani ndani ya nyumba. Hilo la pili amelirudia. Nimeona kwamba yeye mwenyewe analala peke yake tangu mjukuu alipokwenda Nairobi, mlango wake unafungwa kwa kipande cha kanga. Hicho cha mlango nakiandika kwenye daftari dogo na nitamwambia kasisi leo hii.

Wakati naondoka amenisindikiza mpaka kwenye mwembe kwa kunishika bega. Banda la kuku liko hapo karibu. Ndani kuna majogoo wawili na jike mmoja mweusi. Nikauliza, bibi, huyu ulimnunua? Akasema ni yule yule. Mtu wa tatu aliyemnunua kwenye mnada alimrudisha usiku akamwacha mlangoni, hajui ni nani. Ametaga tena tangu Alhamisi. Amenipa mayai mawili, nimeyafunga kwenye leso.

Udongo: nimeacha mistari miwili. Wazee wanalala na nani: nimeacha ukurasa mzima."